Mkaa, ziwa kujaa na ile asilimia 35: majibu ya maswali yenu

Meseji zimekuwa nyingi wiki hii, nyingine zinajirudia, nimechukua hizi.

Nasikia nchi imeahidi 2030 tutapunguza moshi kwa asilimia 30 mpaka 35. Mimi napikia mkaa, ndo watatufungia? (Mama lishe, Kirumba)

Hapana dada, kwa hiyo ahadi jiko lako halifungwi. Ahadi ilipelekwa Umoja wa Mataifa Julai 2021, chini ya Mkataba wa Paris, ule wa nchi za dunia kuhusu tabianchi, na watu kibao wakiwemo watangazaji wanaielezea vibaya, wanasema tunapunguza theluthi ya moshi wa leo, yaani gesi zinazopasha dunia joto. Siyo hivo. Inapimwa na moshi ambao tungekuwa nao 2030 kama tungeendelea ivi ivi bila kubadili kitu. Chukua mtu ana pikipiki moja inakula lita 3 kwa siku, anataka kuongeza mbili, zote za petroli, afike lita 9, halafu akabadili mawazo moja akanunua ya umeme, sasa anatumia lita 6. Ukilinganisha na mpango wake wa mwanzo kapunguza theluthi, ukilinganisha na leo kaongeza mara mbili, na hajadanganya mtu. Nchi maskini kufanya hivo mi sioni kosa, tunahitaji umeme na viwanda. Kosa ni kuificha hiyo hesabu halafu watu wakishtuka baadae waone walipigwa.

Kinachokugusa wewe ni kitu kingine, ule mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, kama gesi na umeme, ifikapo 2034. Katazo la kuni na mkaa lilianzia kwenye taasisi, shule, magereza na wengine wanaolisha watu zaidi ya 100. Shida ninayoiona ni kwamba mkaa unanunua hata wa buku, ila gesi ya mtungi ikiisha lazima uwe na hela ya kujaza yote kwa mpigo, na hilo kwenye matangazo hulisikii sana.

2020 maji yalikuja mpaka kwenye kambi yetu, wazee wanasema Uganda walifunga bwawa. Wengine tabianchi. Nani mkweli? (Mvuvi, Kayenze)

Kaka hili swali nalipenda. Kwanza jua kwamba karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, mito yote ikijumlishwa inaleta kidogo kilichobaki. Mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto kupita kawaida, mvua ikamwagika miezi na miezi, na kufika Mei 2020 ziwa likawa limepanda kama mita 1.21 ndani ya nusu mwaka, likafikia rekodi ya miaka ya 60. Kwa hiyo chanzo ni mvua. Wazee nao hawajaokota tu, manake 2005 na 2006 ziwa liliposhuka sana, ukame ulihusika lakini na mabwawa ya Jinja, kule Uganda, yalikuwa yanaachia maji kuliko ilivyokubaliwa. Wamechukua kisa cha kushuka wakakibandika kwenye kujaa.

Na tabianchi? Watafiti walipiga hesabu wakakuta ongezeko la joto la dunia lilifanya mvua na kupanda kwa namna ile kuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kama mara 1.8, ila kwenye zile mita 1.21 mchango wake ni kama sentimita 7 tu. Sentimita saba! Nawajua wanaharakati hawapendi niitaje hii namba wanaona inapunguza nguvu, lakini mvuvi ukimwambia yote ni tabianchi na yeye anayakumbuka mafuriko aliyosimuliwa na baba yake, siku nyingine hakusikilizi hata ukimwambia kuna dhoruba.

Na dhoruba ndo za kuogopa zaidi, ziwani radi nyingi zinapiga usiku, upepo wa nchi kavu unakutana katikati wakati nyie mko na taa zenu kwenye dagaa. Utabiri wa ziwa wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, usikie kabla hujasukuma mtumbwi.

TMA walisema mvua za juu ya wastani, shamba langu Magu limekauka. Niwaamini vipi?

Pole sana. Ule utabiri wa msimu ni uwezekano, unalinganisha na miaka 30 iliyopita, na unasemea eneo kubwa, haujui shamba lako liko wapi. Mvua ikija nyingi ndani ya siku chache halafu ikakata wiki tatu, kwa hesabu za msimu inaweza ikawa juu ya wastani na mahindi yakafa vilevile. Fuatilia na ule wa siku kumi, huo ndo wa kupandia.

Tusipotimiza ahadi tunashtakiwa?

Mkataba wa Paris unakulazimisha upeleke ahadi na uiboreshe kila miaka mitano, faini hauna. Marekani ilitoka 2020, ikarudi 2021, Januari 2025 Trump akasaini kutoka tena, na hakuna aliyemfunga. Ila Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba nchi zina wajibu wa kisheria kulinda tabianchi na zikizembea zinaweza kudaiwa. Ni maoni, siyo hukumu, lakini wanasheria wameshaanza kuyatumia.

Kuna mtu anaandikisha wavuvi wapate fidia ya mafuriko kutoka mfuko wa dunia, fomu anauza shilingi elfu kumi. Nijiandikishe? (Igombe)

Usitoe hata mia. Mfuko wa hasara na uharibifu, wa kusaidia nchi zilizoumizwa na tabianchi, upo kweli, ulikubaliwa kwenye mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh, Misri, 2022, ila hela yake inapitia serikali na miradi, hakuna fomu ya mtu mmoja mmoja inayouzwa mwaloni. Mpeleke huyo jamaa kwa mwenyekiti wa mtaa, na BMU, kamati ya wavuvi ya mwalo, wajulishe mapema kabla hajahamia mwalo mwingine.