Mtoto Akisema "Nyanya Kanitupia Makusudi"

*Shangazi, shikamoo. Nina watoto wawili hapa Kisauni: msichana wa miaka 8 na mvulana wa miaka 4 na miezi mitatu. Wiki iliyopita mdogo aliacha mabuyu yake ndani ya mfuko wa kaki barazani akaenda kucheza. Mavyaa yangu, ambaye twakaa naye, alikuwa akifagia. Akauona mfuko umekunjamana, akautia kwenye ndoo ya taka. Mtoto aliporudi alilia mpaka sauti ikamkauka: "Nyanya mbaya, kanitupia makusudi!" Dada yake akamwambia nyanya hakujua, lakini hakusikia. Leo siku ya tatu hamwamkii. Mavyaa asema nimemjaza mtoto maneno, na mume wangu ataka kumchapa asije akakua na roho mbaya. Wiki yenyewe ilikuwa balaa tupu. Msichana wa kazi aliteleza na sinia, vikombe saba vya harusi yangu vikavunjika, nikamkata shilingi 1,500. Na huyo mdogo alimrushia mtoto wa jirani jiwe kwa hasira, bahati likamkosa. Baba yake akacheka tu. Nifanyeje? – Mama Watoto, Kisauni*

Marahaba mwanangu, na pole kwa wiki hiyo.

Mwanao hana roho mbaya, wala hakuna aliyemjaza maneno. Mwaka 2011 mtaalamu wa saikolojia ya watoto, Melanie Killen, na wenzake kule Marekani waliwasimulia watoto wa miaka 3 na nusu, 5 na nusu, na 7 na nusu kisa ambacho ungedhani wamekichukua barazani kwako. Mtoto kaacha keki ndani ya mfuko wa karatasi, katoka kwenda kucheza. Mwenzake anamsaidia mwalimu kusafisha darasa, auona mfuko, autupa. Wakaulizwa: huyu aliyetupa alidhani mna nini mfukoni? Alikuwa na nia gani? Ni sawa aadhibiwe? Wale walioshindwa kujibu alidhani nini ndio waliomwona ana nia mbaya zaidi, na ndio waliokuwa wepesi kukubali apewe adhabu.

Kwa hivyo ugomvi wa mwanao na nyanya yake hautoki kwenye chuki. Ili amsamehe, sharti ashike mambo mawili kwa pamoja: kwamba mfukoni mlikuwa na mabuyu, na kwamba kichwani mwa nyanya mfuko ule ule ulikuwa mtupu. La pili ndilo zito kwake. Mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner walilipima kwa kisa cha mtoto aliyeweka chokoleti kabatini, mama yake akaihamisha mtoto akiwa nje. Akirudi ataitafuta wapi? Watoto wadogo husema ataitafuta ilikohamishiwa, maana wao wanajua iliko na hawaoni vipi mwenzao asijue. Tangu hapo jaribio hilo limerudiwa mara nyingi katika nchi mbalimbali, na mabadiliko makubwa huonekana kati ya miaka 3 na 5. Mwanao yuko katikati ya daraja, dada yake keshavuka zamani. Ndiyo sababu wamelelewa nyumba moja na mmoja aelewa, mwingine bado. Tena mtoto anaweza kujibu vizuri katika mchezo, kisha akashindwa siku kilichopotea ni chake na machozi yamemjaa.

Waweza kumpima mwenyewe. Chukua kopo la biskuti, lile la bati ambalo kila nyumba huishia kutiwa nyuzi na sindano. Toa sindano, acha nyuzi. Muulize: "Humu mna nini?" Atasema biskuti. Fungua aone nyuzi, kisha ufunge. Sasa uliza maswali matatu kwa mpangilio huu: "Ndani mna nini kweli?" "Kabla sijafungua, wewe ulidhani mna nini?" "Nyanya hajaliona likifunguliwa. Akiliona hivi, atadhani mna nini?" Swali la kwanza ni la kuhakikisha anakumbuka tu, akilikosa, achana na mengine, amechoka. Akijibu "nyuzi" kwa mawili ya mwisho, basi umeona kwa macho yako ugumu anaoupata. Usishangae akikana hata dhana yake mwenyewe ya dakika moja iliyopita; hasemi uongo.

Wazazi hulivuruga zoezi hili kwa njia mbili. Hulifanya nyanya akiwa pale pale, mtoto akamsoma usoni. Au humsahihisha papo hapo, naye siku ya pili akakujibu alichokariri. Mfanyie asubuhi ameshakula, usimkosoe, na baada ya siku mbili rudia kwa chombo kingine, tuseme kopo la majani ya chai lililotiwa vibanio vya nguo. Jibu la siku moja lisikutie hofu wala lisikupe majivuno.

Sasa mavyaa yako. Yeye anajua kuwa hakujua, na jambo ukishalijua ni taabu kukumbuka kwamba mwenzako halioni. Ndiyo maana anahisi mtoto amemkana kwa makusudi. Usimjibu kwa kumtetea mtoto mbele ya watu. Mfuate kwa heshima, mnapochambua mchicha, umweleze kisa cha kopo, na ikiwezekana umwache aone mwenyewe kupitia dirishani. Kisha umwombe kitu kimoja: amwambie mjukuu wake, "Niliuona mfuko umekunjamana, nikadhani ni taka. Sikuchungulia ndani. Pole, baba. Twende tukanunue mengine." Hapo hakukiri ubaya wowote. Amemfungulia mtoto kichwa chake aone kilichokuwamo, na amelipa kilichopotea. Hilo "sikuchungulia" lisiachwe, kwa sababu ni kweli, na mtoto akisikia mtu mzima akilitamka hujifunza kuwa bahati mbaya haimzuii mtu kurekebisha.

Nawe kwa mtoto, usimhutubie kwamba "nyanya hakukusudia." Kwa sasa neno hilo halina pa kushika. Mweke mahali pa nyanya. Dada yake atie kokwa mbili za mabuyu katika mfuko wa kaki na kuukunjakunja, mdogo akiwa nje. Aitwe afagie baraza na kutupa takataka zote. Akishautupa, ufungueni pamoja ndooni, ndoo iwe safi. Muulize polepole: "Ulijua mna mabuyu? Ulidhani mna nini? Ulitaka dada akose?" Mwache ajibu mwenyewe. Ndipo uulize, "Na nyanya siku ile?" Akinyamaza, nyamaza nawe. Lakini msimcheke wala asiambiwe "waona sasa!", maana mchezo utakuwa mtego naye atajifunza kuaibika tu. Nyumbani mzoee kutumia maneno ya mambo ya kichwani: alidhani, alisahau, hakuona, alikumbuka. Watoto wanaosikia mazungumzo ya aina hiyo kwa wingi huelekea kuielewa mapema akili ya mwenzao, na dada mtu mwenye maneno yake ni mwalimu tosha.

Kuhusu shikamoo, mwambie baba yao ashushe mkono. Elliot Turiel na wenzake wameonyesha kuwa watoto, hata wa miaka 3 na 4, hutofautisha kanuni za desturi na makosa ya kuumiza. Ukiwauliza, "Mwalimu akiruhusu, ni sawa?", hukubali kuhusu kanuni kama ya wapi pa kukaa, lakini kumpiga mwenzako hukataa hata mwalimu akiruhusu. Kuamkia ni adabu yetu na sitaki ipotee, lakini itarudi yenyewe wakipatana. Ukimchapa kwa ajili yake utakuwa umeiweka shikamoo kwenye mizani moja na kuumiza watu.

Na kuumiza kupo, mwanangu, ila kumepita mlango wa nyuma. Katika yote uliyoniandikia, tendo pekee la mtoto huyu lililokuwa na nia ya kudhuru ni lile jiwe, nalo ndilo lililochekewa. Lingempata mtoto wa watu jichoni, mtaa mzima ungekuwa mlangoni kwenu. Nia ingekuwa ile ile, mkono ule ule. Baba yake amwite leo, hata kama siku zimepita, achuchumae walingane macho, amwambie: "Ulitaka kumpiga. Lilimkosa, lakini ulitaka aumie. Hilo sitaki." Maneno mafupi, bila kofi. Kisha waende pamoja kwa jirani wamwombe radhi yule mtoto.

Hapa ndipo napata uzito kukuambia la mwisho, ila sitalificha. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, mwaka 1932 aliandika kuhusu watoto aliowauliza nani mkosaji zaidi: aliyefungua mlango bila kujua nyuma yake pana sinia, akavunja vikombe 15, au aliyevunja kimoja akidokoa jamu? Wadogo wengi walisema wa 15. Sasa tazama vikombe vyako saba. Si wewe peke yako. Mwaka 2008 Fiery Cushman alionyesha kuwa watu wazima, wakiulizwa kama tendo ni baya, hutazama mtu alijua na kutaka nini. Wakiulizwa aadhibiwe kiasi gani, hasara nayo huingia kwenye hesabu. Sote twaijua tangu chuoni hadithi ya Mtume kwamba matendo huhesabiwa kwa nia, lakini kikombe cha harusi kikilia sakafuni, mkono huenda kwenye mshahara.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata mshahara kwa mali iliyoharibika pale mfanyakazi alipofanya kosa kwa kusudi, na hata hapo kiasi kiwe cha haki. Kuteleza si kusudi. Kabla ya kuamua lolote jiulize: alijua sakafu ina maji? Aliyamwaga nani? Alikuwa amevaa nini miguuni? Angeweza kubeba kidogo kidogo, au ulimhimiza kwa kuwa wageni wamefika?

Mrudishie zile 1,500, na umrudishie watoto wakiwa hapo, umwambie kwa sauti ya kawaida: "Uliteleza, hukukusudia. Nilikasirika kwa sababu nilivipenda." Halafu tandika gunia kavu pale mlangoni mwa jikoni.