Shangingi na milima ya Usambara: panda Mlalo, usiishuke

Mkuu, umeuliza kama Land Cruiser 200 uliyonunua inaweza kutoka Tanga mjini, ikapanda Lushoto, ikafika Mtae, kisha ikateremkia Mlalo kwenda Mng'aro mpaka tambarare za Umba, familia nzima ikiwa ndani. Wapo waliokujibu kwamba gari la bei ile haliingizwi makorongoni, likae lami. Wapo waliosema hiyo ni V8, itapita popote, wewe kanyaga tu. Mimi naendesha gari la aina hiyohiyo, naishi hapahapa Tanga, na njia hizo nazipita kiangazi na hata baada ya mvua. Sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili, na nitakueleza kwa urefu kwa sababu umesema unabeba watoto.

Kupanda, gari litapanda. Hilo lisikunyime usingizi. Injini ya dizeli ya lita 4.5 yenye turbo mbili, kitufe cha L4 (gia nzito za mwendo mdogo), difu ya katikati unayoweza kuifunga, na kompyuta inayolishika breki tairi linalozunguka bure ili nguvu iende kwenye tairi linaloshika ardhi: vyote hivyo vikifanya kazi pamoja, mlima wa mawe hausumbui. Kile kipande cha kupanda kutoka Sigi kwenda Amani, upande wa Muheza, kina kona kali na mawe yaliyochomoza, na 200 inakipanda huku mnaongea habari nyingine. Weka L4, gia ya kwanza au ya pili, mguu mwepesi usiobadilikabadilika, basi. Anayekuambia shangingi haliwezi mlima hajaliendesha mlimani.

Shida yake ni uzito. Gari tupu lina karibu tani 2.7, na ukomo wake likiwa limebeba kila kitu ni kilo 3,350 kwa matoleo mengi ya dizeli. Kinachobaki ni kama kilo 650 hivi. Sasa hesabu mwenyewe: watu wazima watano na watoto wawili, bampa la chuma lenye winchi, keria na hema juu, jokofu, madumu ya maji, jeki ya ziada. Umefika ukomoni kabla hujapakia mchele. Nimeona watu wanatumia fedha nyingi kulivalisha gari mpaka linapendeza kama la maonyesho, kisha hawajui kwamba kila kilo waliyoongeza juu ya paa wameiongezea gari hamu ya kulala ubavu. Hema la juu acha nyumbani. Lushoto nyumba za wageni zipo, Mtae zipo.

Uzito huo wakati wa kupanda unabebwa na injini, na injini inauweza. Wakati wa kushuka unabebwa na breki, na hapo ndipo ninapokuwa na wasiwasi na safari yako jinsi ulivyoipanga. Mteremko wa Mlalo kwenda Mng'aro ni mkali, mwembamba, unazunguka ukingoni mwa mlima, na ardhi yake ni mchanganyiko wa udongo mwekundu na kokoto zinazoviringika chini ya tairi. Kwenye kokoto za namna hiyo ABS, ule mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki, inaweza kukuongezea umbali wa kusimama, maana tairi halipati nafasi ya kujifunga na kujirundikia kokoto mbele yake. Dereva aliyezoea lami anashtuka, anakandamiza breki zaidi, na gari linazidi kwenda.

Kuna jamaa tuliongozana naye njia hiyo, ana gari kubwa la kifahari, amepakia mpaka juu. Alishuka akiwa kwenye gia ya kawaida, mguu haubanduki kwenye breki. Tuliposimama kwenye upana mdogo kupisha bodaboda, nikasikia ile harufu kali ya breki kuungua. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye rimu ya mbele kushoto. Akaniambia pedali imeanza kuzama. Kijana wa bodaboda hakuuliza kitu, aliinama, akaokota mawe mawili makubwa, akayabana mbele ya tairi za nyuma, akasema, "Mzee, zima kwanza, teremsha watoto." Tulikaa pale hadi breki zikapoa zenyewe. Maji hatukumwaga, kwa sababu diski ya moto ikimwagiwa maji ya baridi inaweza kupinda au kupasuka. Baadaye fundi alikuta mafuta ya breki ni meusi, ya miaka mingi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa polepole. Yakishanyonya yanachemka kwa joto dogo, mapovu yanaingia kwenye mfumo, na pedali inakanyaga hewa. Kwa hiyo badili mafuta ya breki kabla ya safari hata kama gari "limetoka Japani juzi". Na ukiwa unashuka popote pale, weka L4 na gia ya kwanza kabla ya mteremko kuanza, siyo katikati yake. Acha injini ishike gari. Mfumo wa kompyuta wa kushusha gari ni mzuri kwa kipande kifupi chenye mawe, lakini unafanya kazi kwa kuzishika breki, hivyo kwenye mteremko mrefu usiuachie kazi yote.

La pili ni upana. Gari lako lina karibu mita 1.98 bila vioo. Land Cruiser 78, zile ngumu za miradi, na Land Rover za zamani zilizojaa Lushoto ni karibu mita 1.79. Sentimita ishirini ukizisema mezani ni kitu kidogo. Ukiwa njia ya Mtae, mkono mmoja kuna ukuta wa udongo, mkono wa pili bega la barabara limeliwa na mvua na chini yake kuna shamba la kabichi, sentimita ishirini ndizo zinazoamua tairi lako likanyage ardhi au likanyage hewa. Watu wa huko wanaipenda Land Rover kuukuu siyo kwa sababu ya umaskini tu. Inawatosha kwenye njia yao.

Kisha kuna Fuso za mboga. Zinatoka milimani zimejaa kabichi, nyanya na viazi, zinawahi soko, na hazina mahali pa kugeukia. Wewe una kamera ya nyuma na usukani mwepesi. Rudi nyuma wewe. Mteue mtu mmoja wa kushuka na kukuelekeza, na asimame unapomwona kwenye kioo, upande wa mlimani, kamwe siyo kati ya gari na bonde. Utingo wa Fuso atakusaidia vizuri kuliko kamera, maana anajua bega lipi ni gumu na lipi limejazwa majani tu juu. Msalimie kwanza kwa Kisambaa, "Onga mshi", halafu fuata mkono wake.

Tope sasa. Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa unajaza meno ya tairi, na tairi za lami zinageuka kuwa kama kipara kabisa. Barabara nyingi zimeinamishwa kuelekea mtaroni ili maji yatoke, kwa hiyo gari zito linajivuta lenyewe kwenda mtaroni, taratibu, huku umekata usukani upande mwingine. Winchi haitakusaidia sana kama hakuna mti imara wa kufungia, na miti iliyo karibu na barabara mara nyingi ni ya mtu. Mvua ikinyesha usiku, lala. Kunywa chai, subiri jua lipande. Masika, yaani Machi hadi Mei, usipeleke gari hilo huko kabisa, na vuli kuanzia Oktoba angalia siku kwa siku.

Na hili nalisema kwa uchungu: tairi zako zina upana wa milimita 285 na zimebeba tani tatu. Ukilazimisha kwenye tope na tairi zikazunguka, unachimba mfereji. Mvua inayofuata inaufanya korongo. Wewe umesharudi Tanga, na mama mwenye mzigo wa viazi anaambiwa gari haliji kijijini. Mitaro ile wanaichimba wenyewe kwa majembe. Nimekuta mahali ambapo magari ya watalii wa wikiendi yamekata mtaro mzima ili tu wapige picha gari likiwa limeinama. Ukitaka picha, mawe yapo ya kutosha.

Tairi: kama gari lilikuja na rimu za inchi 20, tafuta za 18 au 17, tairi lenye ubavu mnene lililoandikwa A/T, yaani la lami na la njia mbaya pia. Ubavu mwembamba ukigonga jiwe unapasuka, na tairi ya saizi hiyo hutaipata Mlalo wala Lushoto. Upepo wa lami, kama psi 33, ni mwingi kwa mawe. Teremsha mpaka 25 hivi, kwenye mchanga mzito wa bondeni 18 hadi 20 na mwendo mdogo. Beba kompresa ndogo ya kurudishia upepo kabla ya kuingia lami. Zile ngazi za pembeni za kukanyagia zifungue, ndizo zinazogonga kwanza.

Kwa mwenye Range Rover aliyeuliza pembeni: kanuni ni zilezile, ila springi zako ni za upepo. Mfuko ukitoboka gari linakaa chini na hapo Mng'aro hakuna wa kulinyanyua. Mimi ningeipeleka Amani kiangazi na kuishia hapo.

Kuvutana: usifunge kamba kwenye lile tufe la chuma la kufungia tela. Likikatika linaruka kwa nguvu ya kuua mtu. Na vile vijicho vya chini ya gari, vingi vimewekwa kwa kulifunga melini tu. Hakikisha una ndoano halisi za kuvutia, mbele na nyuma, zilizofungwa kwenye chesesi, na watu wote wasimame mbali kamba inapokazwa. Watoto wakae mbali zaidi.

Sasa ushauri wangu wenyewe: geuza safari. Toka Tanga kwa Mabokweni, Maramba, ingia tambarare za Umba, fika Mng'aro, halafu panda Mlalo. Ule mteremko unaonipa wasiwasi unakuwa mlima, na mlima ndio kazi ambayo gari lako linaiweza kuliko zote. Udongo mweusi wa mabondeni, unaonasa gari ukilowa, utaukuta mwanzoni, kwa hiyo ukiona umelowa unarudi nyumbani bado mapema, badala ya kuukuta mwishoni mlima ukiwa nyuma yako. Makorongo yenye maji yavuke kwa miguu kwanza ukiwa na fimbo. Toyota wanakupa kina cha sentimita 70, ila hicho ni kwa maji yaliyotulia. Pumzika kidogo kabla ya kuingia majini, maana difu ya moto ikizama ghafla kwenye maji ya baridi inavuta maji ndani kupitia sili.

Ukitoka Mlalo nenda Mtae, lala, rudi Lushoto, kisha teremka Soni hadi Mombo kwa lami ukiwa kwenye gia ndogo. Tafuta gari la pili la kuongozana nalo, hata Land Rover ya kukodi ya mwenyeji. Yeye atangulie mbele: akipita kwa shida, wewe mwenye sentimita ishirini zaidi simama, shuka, kapime kwa hatua kabla ya kumfuata.