Monica angemudu ile nyumba ya Manhattan?

Umeuliza kama Monica wa Friends, tamthilia ya Marekani, aliye mpishi, na Rachel anayeishi naye, mhudumu wa mkahawa, wangeweza kulipia nyumba kubwa vile katika eneo la Manhattan, jijini New York. Kwa bei ya soko, hapana. Wenye nyumba wengi New York hutaka kipato cha mwaka kisichopungua mara 40 ya kodi ya mwezi: kodi ikiwa dola 3,000, mnatakiwa muwe na 120,000 kati yenu. Kwa bakshishi za Rachel? Thubutu!

Tamthilia inajitetea kwamba nyumba ilikuwa ya bibi yake Monica, yenye kodi inayodhibitiwa kisheria. Kodi za namna hiyo zipo kweli, katika majengo ya kabla ya 1947 ambamo mpangaji au mrithi wake amekaa mfululizo tangu kabla ya Julai 1971. Tatizo ni urithi wenyewe. Mjukuu hurithi kodi hiyo iwapo aliishi humo pamoja na bibi kwa walau miaka 2 kabla bibi hajahama. Kuendelea kutumia jina la bibi aliyekwishahamia Florida ni kinyume cha sheria, na mwenye jengo akigundua anaweza kuwafungulia kesi ya kuwatoa.

Ukitaka kupima tamthilia nyingine ya New York, tafuta kodi ya mtaa husika, zidisha kwa 40, ndipo uangalie mshahara.