Amepaa, sasa anafanya nini huko?

Kupaa Bwana ni sikukuu inayoonewa. Noeli tunapika pilau, Pasaka tunashona nguo mpya, lakini Kupaa huangukia Alhamisi, siku ya arobaini ukihesabu kuanzia Pasaka, watu wako kazini. Hata pale inapoadhimishwa Jumapili inayofuata, mahubiri mengi niliyoyasikia huishia kwenye "alipaa, atarudi". Na hapa katikati je?

Swali hilo nililetewa na jirani yangu hapa Bagamoyo, mzee wa Kiislamu, tukiwa barazani kwake tunasubiri kahawa. "Mwanangu," akasema, "hata sisi Kurani inatwambia Isa aliinuliwa kwa Mwenyezi Mungu. Hapo hatugombani. Nyinyi mnasema huko aliko anafanya nini?"

Basi Mkristo mwenzangu unayeishi miji yetu ya pwani, jifunze vizuri fundisho hili, maana jirani yako anaweza kuanzia hapohapo. Tofauti ipo, tena kubwa, na haifai kuifunika kwa heshima ya jirani: wao husema Isa aliinuliwa bila kusulubiwa, sisi tunasema aliyepaa ndiye yuleyule aliyekufa msalabani akafufuka, na mwili wake una makovu. Nilimjibu mzee kwamba anatuombea. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama hachoki. Swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa kwenye jumuiya!

Jibu lake lipo kwenye Waraka kwa Waebrania. Makuhani wa agano la kale walisimama kila siku wakitoa dhabihu zilezile, siku inakwisha, kesho wanarudi. Kristo alitoa dhabihu moja, akaketi mkono wa kuume wa Mungu. Ameketi kwa sababu dhabihu imekwisha kutolewa, haidai nyongeza. Lakini sura ya saba ya waraka huohuo inasema yu hai sikuzote ili atuombee. Kwa hiyo hachoki, na wala halali.

Hili limenisaidia kwenye sala kuliko vitabu vyote vya ibada nilivyonunua. Kuna majira sala yangu inakuwa kavu kabisa, nasoma maneno tu huku akili iko kwenye ada za shule. Zamani ningejilazimisha kulia machozi. Sasa najua kwamba mbele za Mungu yupo mtu mwenye mwili kama wangu, aliyewahi kuona njaa, kuchoka na kusalitiwa na rafiki, naye anaomba hata saa hii. Mimi najiunga tu na sala iliyokwisha kuanza. Ukikauka, usiache. Sema Baba Yetu moja, ukaendelee na kazi zako.

Luka anamaliza Injili yake kwa jambo la ajabu: wanafunzi "wakarudi Yerusalemu wenye furaha kuu". Nani humsindikiza mpendwa wake stendi, basi likaondoka, akarudi nyumbani anashangilia? Ila walikuwa wamekwisha kuambiwa, "Yawafaa ninyi mimi niondoke", kwa sababu Roho angekuja. Yesu wa Galilaya alikuwa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Leo aliyeko Kaole na aliyeko Kigoma wanamwita kwa wakati uleule.

Na hapo ndipo utume unapozaliwa. Kwenye Mathayo, kabla ya "enendeni" kuna "nimepewa mamlaka yote mbinguni na duniani". Mamlaka ameshapewa, hangoji sisi tumpatie. Ndiyo maana mikutano ya kipaza sauti inayokesha ikikejeli dini za majirani hunichosha. Sipingi kuhubiri hadharani. Ila mhubiri anayetukana huwa kama anahofia Yesu atashindwa asipompigania yeye.

Wageni wakija Bagamoyo hukimbilia mnara wa kanisa la zamani ulipolazwa mwili wa Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, Februari 1874. Mimi wangu huwapeleka kwanza makaburi ya wamisionari. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto. Kijiji kilikuwa na amri kali, na si kila alichokifanya mmisionari ni cha kuigwa. Lakini soma umri kwenye yale makaburi: vijana, wengi wameondolewa na homa. Kutoka hapa njia ya misheni ikaenda Mhonda mwaka 1877, ikafika Morogoro, ikafika Kilema kule Kilimanjaro. Wengi waliolala pale hawakuiona Kilema. Kama kazi ingekuwa yao, ingezikwa nao.

Kwa hiyo wewe unayeongoza kwaya, unayefundisha watoto Kipaimara, unayeona miaka inapita na waumini ni walewale: fanya sehemu yako, ulale usingizi.

Malaika waliwauliza wale Wagalilaya, "Mbona mmesimama mkitazama mbinguni?" Wakashuka Mlima wa Mizeituni, wakarudi mjini. Ushahidi uliamriwa uanzie Yerusalemu, mji uleule uliomuua Bwana wao na ambamo Petro alimkana. Tunapenda kuanzia mbali, tunachangia harambee ya misheni ya mkoa mwingine, huku shemeji tuliyegombana naye kwa ajili ya kiwanja hatujamsalimia tangu msiba. Anza na huyo. Nenda bila Biblia mkononi, muulize habari za watoto.

Kisha zitumie zile siku za kati. Mitume walidumu kusali pamoja na wanawake na Mariamu mamaye Yesu, mpaka Pentekoste. Novena yake, yaani sala ya siku tisa, huanza Ijumaa, kesho yake Kupaa, na siku ya tisa ni Jumamosi ya mkesha. Jumuiya yenu isipoweza kukutana kila siku, salini nyumbani baada ya chakula cha usiku, watoto wakiwa bado macho, na mtajeni yule shemeji kwa jina.