Sandwichi ya kamba koche ya Maine: uliza imechambuliwa lini

Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza ni sandwichi gani ya vitu vya baharini inayostahili kufuatwa mpaka pwani yake, na mlaji ataijuaje iliyo nzuri. Jibu langu ni ile ya jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, ambayo mabango ya barabarani huiita lobster roll: nyama ya kamba koche ya baridi, iliyoshikanishwa na mayonezi, ndani ya mkate. Katika miji yake ya Portland na Lewiston wapo wasomaji wengi wa Kiswahili, hasa kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na vibanda vyake viko karibu nao. Bei yake inashtua, kwa hiyo ni vizuri mtu ajue pesa yake inakwenda wapi.

Kamba koche wa kule si yule wa Lamu au Bagamoyo. Wetu hana magando, nyama yake ya maana iko mkiani. Wa Maine ana magando mawili makubwa, moja nene la kusaga na moja jembamba la kukata. Nyama ya magando hayo, na ile ya vifundo vinavyoyashika mwilini, ndiyo laini na tamu kuliko yote. Mkia una nyama ngumu zaidi. Kibanda kinachojisifu kwa mkia mtupu hakijakufanyia hisani. Mchanganyiko wenye gando zima juu na vifundo vya kutosha chini ndio bora.

Kamba wa kawaida wa sandwichi ana uzito wa kama gramu 570. Akiwa na ganda gumu hutoa nyama gramu 110 hadi 130 hivi. Kuanzia Julai mpaka Oktoba wengi wametoka kujivua gamba: ganda jipya ni laini, nyama imepungua na kati yake na ganda kuna maji. Wenyeji wengi wanampenda huyu kwa utamu wake, nami niko upande wao, ila asipochujwa vizuri anaulowesha mkate. Vyovyote iwavyo, sandwichi moja kamili imemaliza kamba mzima, na kuna mtu aliyelipwa kumchambua, yaani kuitoa nyama kwenye ganda. Ukikuta inauzwa nusu ya bei ya majirani, tazama menyu tena. Pengine imeandikwa langostino, ambaye ni kiumbe mwingine kabisa, au mboga ya selari imejazwa pale ilipotakiwa nyama.

Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: nyama imechambuliwa lini? Wageni huuliza kamba amevuliwa lini, na hilo halisaidii sana. Kamba hukaa hai siku kadhaa kwenye makreti yaliyotoswa baharini bila kuharibika. Tena Juni hadi Agosti sheria ya Maine inakataza kuinua mitego ya kamba Jumapili, kwa hiyo kamba wa Jumapili mchana lazima alivuliwa kabla, na hana kasoro yoyote. Nyama huanza kushuka hadhi baada ya kupikwa na kutolewa kwenye ganda. Jibu la "leo asubuhi" ndilo unalolitaka. La "jana" linavumilika. Akikwambia inaletwa kwenye ndoo ikiwa imeshachambuliwa, au akisita, endelea na safari.

Nyama yenyewe nayo inasema. Ukikata kipande kwa jino kitoe ukinzani kidogo kisha kiachie. Kikivutika kama mpira, kimepikwa kupita kiasi. Kikiwa nyuzinyuzi na kinatoa maji, kimetoka kwenye friza. Kikipondeka kama uji, kamba alikufa kabla ya kufika chunguni na nyama ilianza kujiyeyusha. Kiache hapo hapo. Kwenye mkia haitakiwi kuonekana ile mishipa myeusi ya utumbo, wala uji wa kijani wa ini. Watu wa afya wa Maine wenyewe wanashauri ini hilo lisiliwe. Mayonezi iwe ya kuzishikanisha nyama tu: kijiko kimoja cha chai hadi viwili kwa gramu 110. Ikizidi hapo, kuna kitu kinafichwa.

Mkate ndio wengi wanauharibu. Ule wa asili huokwa mikate ikiwa imebanana kwenye trei, hivyo ikitenganishwa ubavu hauna gamba, na mpasuko wake uko juu. Ubavu huo ulio wazi hupakwa siagi na kulazwa kwenye kikaango bapa, kama dakika mbili kila upande kwa moto wa wastani, uwe wa dhahabu na mkavu kwa nje. Mkate uliopasuliwa ubavuni ukapashwa moto tu utalowa kabla hujafika nusu. Wasiokula nguruwe waulize pia kama kikaango hicho hicho kinakaanga bekoni. Vibanda vingi vina kimoja tu.

Ukishuka kusini hadi jimbo la Connecticut utaikuta ya moto, nyama imemwagiwa siagi iliyoyeyushwa, bila mayonezi. Mgahawa wa Perry's wa Milford, miaka ya 1920, ndio hutajwa kuwa wa kwanza kuiuza. Ni tamu, lakini iliwe palepale, kwani siagi ikipoa inaganda kwenye nyama.

Anayetaka kuijaribu Mombasa au Dar es Salaam anaweza, kwa kamba koche wetu. Amchague aliye hai, mwenye kukunja mkia kwa nguvu anaponyanyuliwa. Aliye na gramu 500 apikwe kwa mvuke dakika 8 hadi 10, kisha atiwe kwenye maji ya barafu mara moja, la sivyo anaendelea kuiva ndani ya ganda. Utolewe utumbo, mkia ukatwe vipande vya sentimita moja na nusu, vidogo kuliko vya Maine kwa sababu nyama hii imeshikana zaidi. Vilazwe juu ya kitambaa safi ndani ya friji nusu saa vikauke. Hatua hii ikirukwa mayonezi inageuka supu. Mayonezi, chumvi kidogo na matone ya ndimu vitiwe wakati mkate uko motoni, si kabla. Kwa mkate, tafuta boflo zima lisilokatwa, kata kipande cha unene wa sentimita 4, ondoa gamba la pande mbili, kisha pasua juu mpaka theluthi mbili ya kimo. Mkate wa burger haufai hapa: ni mtamu mno, na ukiupaka siagi unaungua sukari kabla haujakauka.