Lokdauni ya 2020 Mji wa Kale: sisi kilichokaribia kutumaliza ni kufichana

Umeuliza ndugu yangu, wenzako tulipitaje 2020 wakati kila kitu kimefungwa, na ukasema wewe ilikuachia deni, presha, na mke ambaye mpaka leo hamuongei vizuri, na unaogopa ikija nyengine hujui utaanzia wapi. Nitakujibu kwa yaliyonikuta mimi mwenyewe, na itakuwa ndefu, nivumilie.

Mimi ni mtu wa Mombasa, Mji wa Kale, upande wa Kibokoni. Nyumba ya kupanga, vyumba vitatu, niko na mke wangu, watoto watatu na mamangu ambaye ana sukari na presha miaka mingi. Kazi yangu dereva wa watalii, nawatoa airport nawapeleka Diani, Watamu, Tsavo. Sasa hesabu mwenyewe: kisa cha kwanza cha korona Kenya kilitangazwa Machi 13, siku tatu baadaye shule zimefungwa, Machi 25 ndege za abiria za nje zikasimama, Machi 27 kafyu saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, na Aprili 8 Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungwa, hakuna kutoka hakuna kuingia. Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa sina kazi. Kampuni ilituambia nendeni nyumbani tutawaita, mshahara hakuna. Serikali ilipunguza kodi, ukipata chini ya shilingi 24,000 hukatwi PAYE, ile kodi ya mshahara, kabisa, lakini mtu asiye na mshahara anapunguziwa kodi ya nini?

Hapo ndo nikafanya kosa ambalo nataka wewe usilifanye. Sisi watu wa pwani tumelelewa na sitara. Shida ya nyumba haitoki mlangoni, mwanamume haonyeshi kwamba hana, mgonjwa hasumbui wenzake. Ni kitu kizuri na mimi naipenda tabia hiyo, lakini wakati ule iligeuka. Nilimwambia mke wangu kampuni inatulipa nusu mshahara. Uongo. Nilikuwa nakopa kwenye simu, zile app za mikopo, nne kwa pamoja, nachukua ya huku nalipa ya kule, na kila asubuhi natoka nyumbani kana kwamba naenda kuhangaika, naenda kukaa karibu na bandari ya zamani natizama maji mpaka adhuhuri. Nilikuwa silali, kifua kinabana, nikadhani ni korona kumbe ni mawazo.

Alafu Mei 6 wakatufunga sisi wenyewe, Mji wa Kale pamoja na Eastleigh kule Nairobi, hutoki mtaani wala huingii, masoko na mikahawa ya ndani ikafungwa, siku 15 za kwanza kisha zikaongezwa mpaka Juni. Ramadhani ishaingia kumi la pili, misikiti imefungwa. Sasa hata pale bandarini pa kujificha sina, niko ndani na watu watano wananiona uso kutwa.

Siku ya tatu au ya nne hivi, baada ya futari, mamangu akataka kuinuka akakaa tena. Akataka maji, akanywa, akataka tena. Nikamuuliza mama vipi, akasema uchovu wa saumu tu mwanangu. Mke wangu ndo akaleta ile mashine, tukampima, ikasoma 21. Yeye kawaida yake ni 7, 8. Nikauliza dawa si unakunywa? Akanyamaza. Mke wangu akafungua kile kikopo cha vidonge, tukakuta vimekatwa nusu nusu kwa kisu, vizuri kabisa, vimepangwa. Alikuwa anakunywa nusu tangu mwanzo wa Aprili ili vifike mbali, manake alishajua sina pesa na hataki kunitia unyonge wa kuniomba. Juu ya hapo anafunga, na hajamwambia daktari yeyote.

Wallahi nililia mbele ya watoto wangu. Mimi namficha sina, yeye ananificha anaumwa, kila mmoja anamsitiri mwenzake na mgonjwa anakwisha katikati.

Usiku ule tulipiga simu kwa daktari mmoja tunayemjua, akatueleza la kufanya usiku huohuo, dozi kamili na maji na kupima kila baada ya saa chache, na akasema ikigoma kushuka au akianza kutapika tusingoje asubuhi, kuna mapolisi kwenye vizuizi lakini mgonjwa wanapitisha. Alhamdulillahi ilishuka polepole. Na akamwambia wazi mama saumu basi mwaka huu. Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa. Tukamtolea fidya ya saumu asizofunga, kibaba cha mchele kwa siku, tukampelekea jirani wa chini ambaye alikuwa kuli na naye kazi imekatika. Baadaye akatwambia ule mchele wetu wa fidya ndo uliokuwa futari ya wanawe kwa siku kadhaa, na alikuwa hajamwambia mtu. Unaona lakini? Nyumba moja, ngazi moja, na hatujui.

Kesho yake baada ya alfajiri tulikaa chini wote, hata yule msichana wangu wa darasa la nane, na daftari lake la hesabu. Nikasema yote. Mikopo minne, kiasi gani, tarehe gani. Mke wangu akaniambia alikuwa anajua tangu Aprili, aliziona meseji, akanyamaza asinivunjie heshima. Nilikuwa nadhani nambebea mzigo kumbe yeye alikuwa anaubeba mara mbili, deni na uongo wangu. Ndugu yangu, ukiniuliza ndoa yangu ilipona wapi, ni pale sakafuni, siyo kwa maneno matamu. Na wewe usianze na kumuomba mkeo msamaha wa jumla jumla, anza na namba. Mwambie deni ni kiasi gani na ulilificha siku ngapi, alafu unyamaze umwache aseme na yeye.

Kutoka hapo mambo yakawa na mpango. Dawa ya mama ikawa ndo matumizi ya kwanza kwenye daftari, kabla ya unga, na inanunuliwa ikibaki ya wiki mbili, siyo ikiisha. Maji pia, manake kunawa mikono kila saa kwa watu sita ni kunawa pesa, tulikuwa mitungi mitatu kwa siku ya mkokoteni ikawa mitano, na hilo watu hawalihesabu. Mama tulimpa chumba chenye dirisha la uchochoroni peke yake, anayetoka nje kununua kitu ni mimi tu, nikirudi naoga kwanza. Jioni mashoga zake wanasimama chini uchochoroni na maski zao wanaongea naye kupitia dirishani, na mimi naamini ile robo saa ilimsaidia sawa na vidonge.

Tarawehe nikaswalisha mimi sebuleni, maisha yangu sijawahi kuswalisha watu.

Kazi: mikahawa imefungwa, watu ndani ya mtaa wanataka futari. Mke wangu ni mtu wa mahamri na kaimati, akapika, mimi nikawa nabeba kikapu napeleka mlango kwa mlango kabla ya kafyu. Mlango wa kwanza nilisimama dakika tano sijabisha, manake pale wananijua mimi ni dereva wa gari kubwa la watalii. Yule mama akafungua, akanunua kumi, akaniuliza kesho mtakuja? Basi. Malipo M-Pesa, na wakati ule chini ya elfu moja ilikuwa haikatwi ada, ilitusaidia sana wauzaji wadogo. Haikuwa pesa ya mshahara lakini unga na dawa ilitoka.

Mkopo wangu wa benki ndo kisa chengine. Tangu Machi 2020 Benki Kuu ilishasema aliyeathirika anaweza kuongezewa muda mpaka mwaka mmoja, lakini ni mpaka uende uombe mwenyewe. Mimi nimekuja kuomba mwisho wa Mei, kwa haya. Wenzangu walioomba mapema hawakupata zile fujo za malimbikizo nilizopata mimi. Mwenye nyumba pia nilimkwepa miezi miwili, nilipomwendea nikamwambia ukweli alikubali nusu kodi mpaka nitengenee, na ni mzee mwenye shida zake.

Kakangu yuko Muscat, nilikuwa nimekasirika naye hatumi kitu. Siku nilipompigia nikasema hali ilivo akanyamaza, kisha akaniambia Muscat wamefungiwa tangu Aprili 10, hajalipwa, anakula kwa wenzake na alikuwa haoni pa kuanzia kutuambia. Kumbe hata ng'ambo ya bahari ni hivohivo.

Watoto walikaa nyumbani muda mrefu, msichana akarudi Oktoba 12 na darasa la nane wenzake, wadogo mpaka Januari 2021, mtihani wa KCPE wa kumaliza darasa la nane akaufanya Machi. Kwa watoto sina ujanja mkubwa wa kukupa, tuliweka tu saa: baada ya alfajiri masomo, adhuhuri simu inazimwa, jioni darini kuruka kamba. Siku nyengine walipigana kutwa.

Mamangu bado yuko. Mpaka leo kila Ijumaa baada ya sala anamwaga vidonge vyake kwenye sinia, ananiita nivihesabu mbele yake.

Niambie deni lako ni la benki ama la simu, manake hayo mawili hayaombewi njia moja, nitakuandikia nilivofanya.