Je, mwanafunzi anaweza kujifunza sevu akiwa amefumba macho?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari. Darasa langu lina wanafunzi zaidi ya 40 na mipira minne tu ya wavu, hivyo kila mmoja hupiga sevu, yaani pigo la kuanzisha mchezo, mara chache mno katika kipindi kizima. Mwenzangu alinishauri niwaketishe, wafumbe macho na kujiona akilini wakipiga. Nilipojaribu kwa robo saa, baadhi walisinzia, wengine walicheka, na mmoja alisema haoni chochote. Je, njia hii ina manufaa, au ninawapotezea muda?

JIBU: Mwalimu, manufaa yapo, ila naona zoezi hilo liliwekwa mahali pasipolifaa. Mwaka 1983 watafiti Deborah Feltz na Daniel Landers walikusanya matokeo ya tafiti 60 na kuona kwamba anayefanya mazoezi ya akilini humshinda asiyefanya mazoezi yoyote. Uchambuzi mwingine wa mwaka 1994 ulithibitisha hilo, lakini ukaonyesha pia kwamba mazoezi ya mwili yenyewe hufaa zaidi. Kwa hiyo taswira, yaani huko kujiona akilini, isichukue hata dakika moja ambayo mwanafunzi angeweza kuwa na mpira mkononi.

Lakini mwanafunzi wako hana mpira kwa sehemu kubwa ya kipindi, kwa kuwa amesimama kwenye foleni. Hapo ndipo taswira inapostahili kuwekwa. Akishapiga sevu yake na kurudi nyuma ya mstari, mkono bado unakumbuka uzito wa mpira na mahali ulipogongwa; mwambie airudie sevu hiyo akilini mara mbili au tatu, akirekebisha kosa ulilomwonyesha, kabla zamu yake haijafika tena. Asikae wala kulala. Asimame kwa mkao uleule wa kupigia, autazame wavu, na tendo analoliwaza lichukue muda uleule ambao sevu halisi huchukua.

Mfano unaonishawishi zaidi hautoki uwanjani, unatoka kwenye piano. Katika utafiti wa Alvaro Pascual-Leone na wenzake uliochapishwa mwaka 1995, watu wasiojua piano walijifunza zoezi la vidole vitano kwa saa mbili kila siku, kwa siku 5. Waliojifunza kwa kuwaza tu walionyesha mabadiliko katika sehemu ya ubongo inayoongoza vidole, kama waliopiga kwa mikono, ingawa walibaki nyuma kwa usahihi. Walipopewa kipindi kimoja tu cha kupiga kwa vidole, pengo hilo lilizibwa kwa kiasi kikubwa. Kuwaza kulikuwa kumeuandaa mwili kujifunza haraka, na ndiyo maana napenda taswira na tendo vipokezane badala ya kutengwa katika vipindi viwili.

Kuwa mwangalifu na mwanafunzi ambaye hajawahi kupiga sevu sawasawa hata mara moja, kwani ataliwaza kosa lake na kulikomaza. Huyo mwonyeshe kwanza, ajaribu, kisha ndipo awaze. Vilevile usimwambie mtu yeyote "usiupige mpira kwenye wavu", kwa sababu atauona hasa ukigonga wavu. Mtajie mahali mpira unapopaswa kuangukia.

Kuhusu yule aliyesema haoni chochote, tafadhali msadiki. Wapo watu ambao akili zao hazichori picha kabisa, na mwaka 2015 Adam Zeman na wenzake waliipa hali hiyo jina la afantasia. Hakudharau somo lako. Badala ya kumtaka aone, mwulize anahisi nini: bega linavyofunguka, uzito unavyohama kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele, kiganja kinavyokaza kinapokutana na mpira. Hata wanaoona picha vizuri waulize hivyohivyo, na anayesita kujibu mpe mpira apige tena kabla ya wenzake.